Kilichowagawa Wakorintho kilikuwa chakula

Karibu kila Meza ya Bwana inapoandaliwa, 1 Wakorintho 11 husomwa kuanzia mstari wa 23. Tunaambiwa tujihoji, nasi tunajihoji: nilisema uongo juzi, nina kinyongo na shemeji, bora leo nisishiriki. Mimi hufundisha Agano Jipya, na ombi langu kwa wachungaji ni dogo. Anzeni mstari wa 17, maana kosa lenyewe limeandikwa hapo.

Paulo, mwandishi wa barua hii, amesikia kwamba waumini wa Korintho wakikutana kula, "huyu ana njaa, na huyu amelewa". Inakuwaje? Kanisa la Korintho halikuwa na jengo. Walikutana nyumbani kwa mwenye uwezo, mtu kama Gayo wa Warumi 16:23. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kwa desturi kilikuwa na makochi matatu, na kila kochi walijilaza watu watatu. Hao ni tisa, wengine, uani. Tena Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine (Kaisari Konstantino aliifanya ya mapumziko mwaka 321), kwa hiyo yaelekea mtumwa na kibarua walifika baada ya kazi na kukuta sahani tupu.

Mwenye nyumba huenda hakuona ubaya wowote. Plinio Mdogo, mwandishi wa Kirumi, anasimulia karamu moja ya Kirumi ambapo divai ilikuwa ya aina tatu: moja ya mwenyeji na wageni wake wakubwa, nyingine ya marafiki wa hadhi ya chini, ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Plinio alichukizwa, lakini jambo lilikuwa la kawaida. Sisi wenye meza kuu na maji yake ya chupa tusiwacheke sana.

Ndiyo maana nausoma mstari wa 29, "kutokuupambanua ule mwili", nikiwafikiria watu waliobaki uani. Wapo wasomi wanaosema mwili hapo ni mkate tu. Sikubaliani nao: sura moja kabla, Paulo amesema sisi tulio wengi tu mwili mmoja kwa kuwa twashiriki mkate mmoja, na sehemu kubwa ya sura ya 12 ni habari za mwili huo. Anayekula huku ndugu yake ana njaa hajauona mwili, hata kama jana alitubu uongo wake wote.

Na dawa anayotoa haina makuu. Hawaambii wafunge, wala wakeshe wakiombea umoja. Anasema "mngojane".

Umoja huohuo aliupeleka mpaka mfukoni. Mwishoni mwa barua anawaagiza watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, Wayahudi walioamini ambao Wakorintho wengi hawakuwahi kuwaona. Mchango ulisuasua, 2 Wakorintho 8 na 9 ni barua ya mtu anayekumbushia ahadi. Lakini Paulo alipowaandikia Warumi, akiwa mgeni wa Gayo, aliweza kutaja Makedonia na Akaya kuwa wamechanga, na Korintho ndio uliokuwa mji mkuu wa Akaya.