Taasisi ya Reischauer: yanayodhaniwa na yaliyopo

Ukitaja mbele ya watu kwamba Chuo Kikuu cha Harvard, kule Cambridge, Massachusetts, kina taasisi nzima ya masomo ya Kijapani, utasikia yale yale: hiyo ni shule ya lugha, au ni mkono wa ubalozi wa Japani, au ni maskani ya wapenzi wa anime na karate. Jina lake kamili ni Taasisi ya Edwin O. Reischauer ya Masomo ya Kijapani. Ilianzishwa mwaka 1973, ikapewa jina hilo mwaka 1985 kumuenzi Reischauer, msomi wa Kimarekani wa mambo ya Japani. Kazi inayofanyika pale naithamini, na inaniuma kuona vijana wetu wenye hamu ya kuifahamu Japani wakiipita kwa sababu ya maneno ya kusikia.

"Unaenda pale kusoma Kijapani na kupata digrii."

Taasisi haitoi digrii. Anayetaka kusoma lugha, historia au fasihi hujiandikisha katika idara za chuo, kama ile ya lugha na ustaarabu wa Asia Mashariki. Taasisi huwakutanisha wataalamu waliotawanyika: wa historia, anthropolojia, sanaa, siasa. Huwasaidia wanafunzi gharama za utafiti, huandaa mihadhara, na huwapokea waliomaliza uzamivu karibuni ili wapate muda wa kuzigeuza tasnifu zao kuwa vitabu.

"Ni fedha za Japani, kwa hiyo husemwa anachotaka mfadhili."

Hapa ukweli una pande mbili. Fedha za Japani zilikuwepo kweli, wala hazikufichwa. Mwaka 1972 kampuni ya Mitsubishi iliipa Harvard dola milioni 1 kwa ajili ya kiti cha uprofesa wa sheria za Japani. Mwaka uliofuata serikali ya Waziri Mkuu Tanaka Kakuei ilitoa dola milioni 10 kwa vyuo vikuu kumi vya Marekani, na Harvard ikiwemo. Anayeuliza maswali kuhusu fedha kama hizo yuko sahihi kuuliza.

Ila kutoa fedha ni jambo moja, na kununua kauli ni jambo jingine. Mfano ninaoupa uzito ni wa mwaka 2021. J. Mark Ramseyer, profesa wa sheria aliyekalia kiti hicho cha Mitsubishi, aliandika makala akiwaeleza wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama watu waliofungamana na waajiri wao kwa mikataba. Waliojitokeza hadharani kumpinga walikuwa pamoja na wenzake wa Harvard: Andrew Gordon, mwanahistoria wa Japani aliyewahi kuiongoza Taasisi ya Reischauer, na Carter Eckert, mwanahistoria wa Korea. Walifuatilia marejeo yake na kueleza kwamba humo hawakuona mikataba ya wanawake wa Kikorea. Nawastahi kwa hilo. Kukagua rejeo la mwenzako wa chuo kimoja, kisha kusema wazi ulichokiona, ndiyo kazi ya mtafiti.

"Reischauer alikuwa balozi tu."

Alikuwa balozi wa Marekani nchini Japani kuanzia 1961 hadi 1966, kweli. Lakini alizaliwa Tokyo mwaka 1910, mtoto wa wamisionari, na alikuwa msomi muda mrefu kabla ya siasa. Mwalimu wake Harvard alikuwa Serge Elisséeff, Mrusi aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1912.

"Kusoma Japani ni kusoma Japani peke yake."

Hii ndiyo dhana ninayotamani ing'olewe kwanza. Tazama utafiti wa Reischauer mwenyewe. Tasnifu yake ya 1939 ilihusu shajara ya Ennin, mtawa wa Kibudha aliyetoka Japani kwenda China ya enzi ya Tang mwaka 838 na kurejea 847. Ennin aliiandika kwa Kichina, kama ilivyokuwa desturi ya watawa wasomi wa Japani. Humo mna habari za watawa kuandamwa na kulazimishwa kuacha utawa mfalme wa China alipoipiga vita dini ya Budha. Na waliomfaa sana safarini walikuwa watu wa Silla, dola ya Korea ya wakati ule, waliokuwa na makazi yao pwani ya Shandong. Tafsiri kamili aliichapisha mwaka 1955. Mtafiti aliyeanza na mtawa mmoja wa Kijapani alijikuta analazimika kuijua China na Korea pia, na mwaka huo huo wa 1939 yeye na George McCune walichapisha mfumo wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini, ambao ulitumika kwa miongo mingi. Anayedhani Kijapani cha mazungumzo kinatosha, na aipime dhana yake kwa kazi hiyo.

"Ni mambo ya kale tu."

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliitikisa kaskazini mashariki ya Japani, tsunami ikafuata, kisha ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima. Taasisi ilianza kukusanya kurasa za intaneti, picha, video na ushuhuda wa walionusurika kabla havijapotea. Nchini Japani ilishirikiana na taasisi kadhaa, zikiwemo maktaba ya taifa ya bunge na Chuo Kikuu cha Tohoku kilichoko Sendai, ndani ya eneo lililoathirika. Kumbukumbu hiyo iliundwa ili umma uitumie, si maprofesa peke yao: mtu aliweza kutafuta kwa mahali au kwa mada, kuongeza ushuhuda wake, na kupanga mkusanyo ambao wengine wangeusoma.