Sindano yenyewe ilishachomwa

Ndugu wa wagonjwa huniletea antibiotiki za kutumia baada ya upasuaji; safari hii ni kijana kutoka Ukerewe. Baba yake tulimkwangua tezi dume jana, mkojo kwenye mfuko unaanza kutakata, naye ananivizia koridoni na mfuko wa duka la dawa. "Shikamoo dokta. Nimenunua seftriaksoni za siku saba, maana mzee hajaandikiwa kitu."

Marahaba. Mzee alichomwa, wewe ukiwa nje kwenye benchi.

Dawa ya kinga dhidi ya maambukizi inatakiwa iwe imefika kwenye damu na nyama kabla hatujagusa kitu. Sefazolini, antibiotiki tunayotumia kwa kinga, inachomwa ndani ya saa moja kabla ya kuanza. Upasuaji ukichukua zaidi ya muda wa saa nne unarudia, na kukwangua tezi dume hakufiki huko. Siku saba za ziada hazilindi chochote. Zinawafundisha bakteria wa tumboni usugu, na mzee anaharisha bure.

Ila kinachonikera zaidi hakitoki kwa ndugu, kinatoka kwetu. Wazee wengi wanafika na mpira wa mkojo wa miezi, wakisubiri pamba iuzwe. Mpira ukishamaliza mwezi, karibu kila mkojo una bakteria. Nao wazee wanaandikiwa sipro, antibiotiki ya vidonge, siku kumi "kusafisha mkojo", mpira ukiwa palepale! Ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Bakteria waliokufa wanarithiwa na wagumu zaidi, halafu mimi ndiye nakwangua, mishipa ya damu inafunguka, wanaingia, na jioni mzee anatetemeka kitanda kizima. Mzee wa mpira wa miezi kama huyu, dozi ya kinga pekee haimtoshi. Otesha mkojo maabara uone bakteria gani wamo, chagua dawa kwa majibu, anza karibu na upasuaji, badilisha mpira. Na tafadhali, usaha kwenye kipimo cha mkojo wa mwenye mpira usikutishe: karibu wote wanao.

Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili tatu, na mzee aliyevuka ziwa kwa nauli ya kukopa sina ubavu wa kumrudisha. Hapo nabahatisha kwa dawa zinazofanya kazi wodini kwetu. Siku ya kutoa mpira ndiyo nayumba kabisa: huyu nampa dozi moja ya antibiotiki, yule simpi, na ukiuliza kanuni yangu nitaangalia saa.

Kijana aliondoka na mfuko wake. Najua zile chupa hazitarudi dukani. Kuna mtu kule Nansio, Ukerewe, atachomwa kwa mafua.