Je, wajua kwa nini saratani ya mtoto huiponyoka kinga ya mwili?

Mwaka 2018 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, ambao utafiti wao ulionyesha kwamba seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoharibika, zina breki, na kwamba breki hizo zikifunguliwa kwa dawa seli hizo huishambulia saratani. Dawa za aina hiyo zimerefusha maisha ya watu wazima wengi wenye saratani ya ngozi na ya mapafu, lakini kwa watoto walio wengi hazikufua dafu.

Sababu iko katika chanzo cha ugonjwa wenyewe. Saratani ya mtu mzima mara nyingi hujengeka kwa miaka mingi, huku jua, moshi wa tumbaku na uzee vikiacha mabadiliko mengi katika vinasaba, na baadhi ya mabadiliko hayo huzaa protini ngeni ambazo seli T huzitambua. Saratani nyingi za watoto, kinyume chake, hutokana na seli changa zilizoshindwa kukomaa, pengine kwa sababu ya mabadiliko machache tu, kwa hiyo kinga haioni kitu kigeni cha kupigana nacho. Ushahidi mzuri ni wale watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika mfumo wa kurekebisha makosa ya vinasaba: uvimbe wao hujaa mabadiliko, na baadhi yao hupata nafuu kwa dawa zilezile zilizoshindwa kwa wenzao.

Watafiti waliamua basi kuionyesha kinga shabaha wao wenyewe. Katika neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, karibu kila seli hubeba juu yake molekuli iitwayo GD2, na kingamwili, yaani protini ya kinga, ya kuinasa ikatengenezwa maabara. Utafiti wa watoto 226, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba miaka 2 baadaye asilimia 66 ya waliopewa kingamwili hiyo pamoja na vichocheo vya kinga walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 46 ya waliopata matibabu ya kawaida pekee. Gharama yake ni maumivu makali, kwa kuwa GD2 ipo pia kwenye neva zenye afya, na ndiyo maana mtoto hupewa dawa kama mofini wakati dripu inapoingia.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Damu ya mtoto hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli T. Maabara huziingizia jeni mpya kwa kutumia kirusi kilichodhoofishwa, ili ziweze kuinasa protini ya CD19 iliyo kwenye seli za lukemia, yaani saratani ya damu, kisha huzizalisha kwa wingi na kuzirudisha mwilini. Aprili 2012, huko Philadelphia, msichana wa miaka 6 alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo. Seli zilipoanza kazi, homa ilimpanda hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wakaona kiwango cha kichocheo cha kinga kiitwacho IL-6 kimepanda mno, wakampa dawa ya baridi yabisi inayokizuia, naye akapata nafuu upesi. Lukemia yake ilitoweka. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2017, na dawa iliyomwokoa sasa ni sehemu ya kawaida ya huduma hiyo.

Kwa uvimbe wa ubongo na wa mifupa kazi bado ni ngumu, maana seli T huchoka kabla ya kuumaliza, na shabaha isiyopatikana pia kwenye viungo vyenye afya ni adimu. Kwa lukemia, hata hivyo, imepatikana njia isiyohitaji kutengeneza seli za kila mtoto peke yake: blinatumomabu, protini inayoshika seli T kwa upande mmoja na seli ya lukemia kwa upande wa pili. Desemba 2024 ilichapishwa taarifa ya watoto 1,440 waliogunduliwa kuwa na lukemia kwa mara ya kwanza: miaka 3 baadaye, asilimia 96 ya walioongezewa dawa hiyo juu ya tibakemikali walikuwa hai bila ugonjwa, ikilinganishwa na takriban asilimia 88 ya waliopata tibakemikali pekee.