Karata za Kukusanya, Poka, na Mkono wa Kuutupa

Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya, wamekuwa wakihamia poka kwa zaidi ya miaka 20. David Williams, aliyetokea kwenye Magic, alishika nafasi ya pili katika shindano kuu la World Series of Poker mwaka 2004 na kulipwa dola milioni 3.5. Mwaka uliofuata Eric Froehlich alitwaa bangili ya ubingwa ya mashindano hayohayo akiwa na miaka 21; mwaka 2015 akaingizwa pia kwenye Ukumbi wa Heshima wa Magic. Kijana wa Kampala akiyasoma majina hayo huona njia imenyooka. Njia ipo, ila ina kona moja inayoangusha wengi, tena walio hodari.

Katika Magic unaanza na uhai 20. Ukimaliza umebakiwa na 1 au na zote 20, ushindi ni uleule. Ndiyo maana mchezaji mzuri huzoea kung'ang'ania mpaka karata ya mwisho. Matatu tunayoicheza vijiweni inajenga tabia hiyohiyo. Poka haijali umeshinda mikono mingapi, yaani migao mingapi ya karata, inajali kila mkono umeingiza au umetoa kiasi gani. Unaweza kushinda mikono minane midogo kati ya kumi na ukaondoka mezani na hasara.

Tuweke karata mezani. Umeshika 8 na 7 za kopa. Mezani zimefunuliwa karata tatu za wote, bado mbili: mfalme wa kopa, 4 ya kopa na 2 ya shupaza. Una kopa nne, unahitaji ya tano, kwani kopa tano huishinda jozi. Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Katikati ya meza kuna shilingi 60,000. Mwenzako, ambaye unamhisi ana jozi ya wafalme, anaweka 30,000.

Sasa piga hesabu. Unatakiwa kutoa 30,000 ili ushindanie jumla ya 120,000, yaani robo. Kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara 25 katika kila 100. Karata inayofuata itakuwa kopa kwa 9 gawanya kwa 47, asilimia 19. Haitoshi, na hapo mwenye damu ya Magic hulipia tu kwa sababu "mchezo bado haujaisha".

Lakini usitupe kabla ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: hizo 30,000 ndizo fedha zake zote? Kama ndizo, hakuna dau lingine mbele, utaona karata mbili kwa bei ya moja, na nafasi yako inapanda hadi kama asilimia 35. Lipia. La pili: kama bado ana fedha, je, kopa ikitoka utamtoa ngapi zaidi? Kwa namba hizi unahitaji kumtoa wastani wa kama 37,000 kila unapoipata ili kulipia kusikutie hasara. Kwa mtu mwenye 200,000 mbele yake asiyeweza kuiacha jozi ya wafalme, zinapatikana. Kwa mtu mwoga hazipatikani. Na kumbuka kopa yako kubwa ni 8 tu. Akiwa ameshika kopa mbili kubwa zaidi, karata unayoiombea ndiyo itakayokufilisi.

Ujuzi wa kuhesabu, kwa bahati nzuri, unahama nawe bila shida. Aliyezoea kujua kwamba karata aliyoiweka mara nne katika rundo la Magic la karata 60 itakuwemo kwenye saba za mwanzo kwa karibu asilimia 40 hatashtushwa na hesabu ya kopa.

Mtaji ndio somo jipya kabisa. Kama kiti cha mezani, yaani fedha za kuingilia mchezoni, ni 200,000, uwe na viti 30, yaani milioni 6, zisizogusa kodi ya nyumba wala karo. Ukishuka hadi viti 20, rudi meza ya chini siku hiyohiyo. Mashindano yanataka zaidi, viti 100. Shindano la watu 100 likilipa 15, hata mchezaji mwenye nafasi mara mbili ya wengine hutoka mikono mitupu mara saba kati ya kumi. Kukosa kumi mfululizo kutampata, na hakumaanishi amesahau kucheza. Anayechanganya mtaji na fedha za chakula huanza kuogopa, na mwoga hutupa mikono aliyopaswa kuipandishia dau.

Kwa Uganda kuna mambo ya kupanga mapema. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 haimruhusu aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo kabla ya hapo jinoe kwenye karata za kukusanya. Magic Arena, Magic ya mtandaoni, inachezeka kwenye simu bila kununua karata hata moja. Mashindano ya mtandaoni yanayoanza saa mbili usiku New York wakati wa kiangazi chao, kwetu ni saa tisa usiku. Umeme ukikatika, dau la lazima linaendelea kula chipu zako. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima, na bando kwenye simu ya laini nyingine.

Ukicheza kwa karata halisi, angalia unyevu. Karata za kung'aa zina utando usionyonya maji juu ya karatasi inayonyonya, hivyo hujikunja. Ilaze karata kwenye meza tambarare: ikiinuka kingo, itajitenga ndani ya rundo, na mwamuzi anaweza kuihesabu kuwa imetiwa alama ingawa hukukusudia udanganyifu wowote. Tumia karata za kawaida, vifuko vya plastiki vya pakiti moja, na uvichanganye vitupu kabla ya kuvijaza, ili vyenye kasoro visiangukie karata za aina moja.

Mwisho wa kila kikao andika kwenye daftari tarehe, saa ulizocheza, kiwango cha dau, faida au hasara, na mikono mitatu uliyosita. Hiyo mitatu irudie kesho yake kwa kalamu na hesabu, umeshalala.