Patiko: hema lipige nje ya handaki

Mteja akinipigia simu kutaka kambi Patiko, ngome ya kale kaskazini mwa Uganda, swali huwa ni lile lile: mahema yanaweza kukaa juu ya jabali? Picha ameshaziona, anataka kuamka jua likichomoza huku miguu iko juu ya mwamba. Ninamjibu hapana. Wakati fulani nilikuwa nikijibu ndiyo, na nililipia.

Ilikuwa Aprili. Nilisimamisha mahema matatu ya turubai la pamba juu kabisa. Mwamba haupokei kigingi, basi kamba nikazifunga kwenye magunia ya mchanga, nikajiona fundi. Saa nane usiku upepo ukatangulia, mvua ikafuata. Hema moja likaburuta magunia yake kama mbuzi aliyeng'oa kigingi. Wageni tuliwalaza ndani ya gari, na kila radi ilipopiga niliitazama ile nguzo ya chuma niliyoisimamisha mahali palipoinuka kuliko pote.

Kwa asiyeijua: ngome iko kilomita 30 hivi kaskazini ya Gulu. Wafanyabiashara ya watumwa na pembe za ndovu waliotoka Khartoum ndio waliopafanya kituo chao, mateka wakikusanywa hapo kabla ya safari ya kaskazini. Mwaka 1872 akaja Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence, Baker akiwa ametumwa na Khedive Ismail wa Misri kuikomesha biashara hiyo. Akapigana nao hapo hapo Patiko, akapafanya ngome yake. Baada yake wakapita Gordon na Emin Pasha, magavana wa Misri waliomfuata, hadi 1888. Zimebaki kuta za mawe za maghala, mianya kati ya majabali iliyokuwa njia za kuingilia, na handaki lililochimbwa kuzunguka.

Hilo handaki ndilo mpaka wangu wa kazi. Ndani yake sipigi hema, hata la mtoto. Mahali watu walipoishi kwa miaka, walichoacha hukaa karibu na uso wa ardhi: kigae cha chungu, ushanga, kipande cha chuma. Kigingi changu kina urefu wa sentimita 30, kinapita humo bila kuuliza. Hema moja kubwa la duara linahitaji zaidi ya vigingi 20. Hesabu mahema sita, kila wikendi.

Nje ya handaki, bado usikimbilie kivuli cha jabali. Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua yote inayoangukia juu inateremka kwa pamoja na kutua pale pale chini ulipotandika godoro. Isitoshe, jiwe lililochomwa na jua la Januari linaendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Mimi huhesabu hatua 40 kutoka mwambani, natafuta mahali palipoinuka kidogo, na mlango naugeuzia ngome. Mteja anapata picha yake, ila kwa mbali kidogo.

Glampingi, yaani kambi yenye kitanda cha kweli, shuka na taa, wengi huilaumu kwamba inaharibu maeneo ya kale. Sikubali. Hema la kifahari likikaa juu ya jukwaa la mbao lenye miguu linaigusa ardhi kidogo kuliko vijana kumi wenye mahema ya bei rahisi wanaochimba mitaro ya maji kila mmoja kwake. Kinachoharibu ni choo. Mgeni aliyelipia anasa anataka choo karibu, na fundi mvivu atachimba shimo. Mimi nabeba choo cha ndoo chenye kiti cha mbao na gunia la maranda. Kila mtu akimaliza anamwaga kopo moja juu, na harufu haitoki. Asubuhi ndoo zinafunikwa, zinaondoka nasi. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, kwa sababu kila kijana niliyemwachia alinipotelea kabla ya chai.

Moto? Usiwashe juu ya jiwe: linapasuka magamba na masizi hayatoki. Zamani nilitumia sigiri ya mkaa, lakini tangu 2023, serikali ilipopiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini, nabeba mtungi wa gesi. Miti ya moo yaa, yaani ya mafuta ya shea, ilikuwa inaishia kwenye magunia ya mkaa. Chakula tunapikiwa na akina mama wa jirani, malakwang (mboga ya majani yenye uchachu) na odii (siagi ya ufuta na karanga), na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza chipsi.

Desemba hadi Februari ndio msimu mzuri, ingawa ardhi huwa ngumu hadi nyundo inarudi usoni.

Jambo moja zaidi, la ratiba. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin, kwa hiyo ngome hii inanihusu kwa namna ambayo si ya kujivunia yote. Mara ya kwanza nilimwambia hivyo mzee wa Kiacholi anayetutembeza. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwanangu, wageni wako niletee kabla hawajala." Mimi huwapeleka saa kumi na moja jioni, naye mzee anawaonyesha mwamba wenye alama ambako, kwa masimulizi ya wenyeji, walioshindwa safari waliuawa. Wanarudi kambini polepole. Spika niliacha kuzibeba, hakuna aliyeziulizia.