Zebaki Imemwagika: Maswali na Majibu kwa Watu wa Lamu

Zebaki ni ile metali ya majimaji inayong'aa kama fedha. Iko kwenye themometa za kioo za zamani, kwenye mashine za kupima presha zile za kizamani zenye mrija mrefu wa kioo, na kwenye chupa nzito ambayo utaikuta imesahaulika nyuma ya kabati la maabara ya sekondari. Mimi kazi yangu ni maabara, na haya ndo maswali watu huniuliza sana, mengine barazani, mengine kwa simu usiku mtoto kashavunja kitu.

Themometa imevunjika chumbani sahi hivi, nianze na nini?

Usianze na fagio. Najua mkono wenyewe unaenda kwenye fagio lakini ukifagia unaivunja ile zebaki vitone vidogo vidogo zaidi, afu vinatawanyika kama ufuta mpaka chini ya kitanda, na fagio lenyewe sasa lina sumu utaenda kufagilia nalo ukumbini. Anza kwa kutoa watoto, wajawazito na paka. Yeyote aliyekanyaga avue ndara palepale mlangoni asitembee nazo nyumba nzima. Funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, fungua dirisha la nje, na kama nyumba ni ile ya mawe ya mjini ambayo dirisha linaangalia kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, basi fungua la kiwanda na usiruhusu watu wakae hapo chini. AC zima, manake inazungusha hewa ileile.

Afu vua pete na bangili zote (nitaeleza kwa nini), vaa glavu za mpira. Okota vioo kwanza. Chukua kadi mbili ngumu, hata karata zinafaa, sukuma vile vitone polepole viungane viwe tone moja kubwa, halafu livute kwa sirinji isiyo na sindano au dropa ya dawa ya macho. Tia kwenye chupa ya plastiki au gilasi yenye kifuniko, weka maji kidogo juu yake, funga sawasawa. Zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu na sakafu, utaona vile vilivyobaki vinametameta, vitoe kwa seloteipu. Kadi, glavu, seloteipu na sirinji vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, unafunga, unaandika ZEBAKI. Dirisha liache wazi siku nzima angalau, na watoto wasilale humo.

Hii ni kwa themometa moja, ambayo ndani ina kama gramu moja hivi. Ikiwa ni mashine ya presha, hiyo ina gramu 80, 100 na zaidi, wewe usiguse, toka, funga mlango, piga simu kwa watu wa afya ya umma.

Na kama imeingia kwenye mkeka au zulia?

Hapo pole. Mkeka wa ukindu umesukwa, vitone vinaingia katikati ya miyaa na hakuna kadi wala seloteipu itakayovitoa. Kama ni pembeni tu kata kile kipande, vinginevyo mkeka wote unakunjwa, unafungwa kwenye plastiki na unatoka nje. Zulia vilevile. Usioshe na usitie vakyumu, vakyumu inaipasha moto na kuipulizia chumba kizima, nguo pia usitie mashini ya kufulia.

Mtoto amemeza ile ya kwenye themometa, nimpe maziwa?

Maziwa hayana kazi hapa, na usimtapishe. Watu wengi hawaamini wakisikia hivi, lakini zebaki ya metali ikimezwa tumbo karibu halinyonyi kitu, inapita inatoka chooni. Wasiwasi wangu ni kile kioo, kama kamemkata mdomo au koo, kwa hivo mpeleke hospitali aangaliwe.

Ila shika hapa vizuri, manake kuna watu wamesikia nusu ya habari wakaanza kusema zebaki haina neno. Hiyo ni ile ya majimaji, ya themometa. Chumvi za zebaki za maabara ni mambo mengine kabisa, kwa mfano kloraidi ya zebaki ambayo ni unga mweupe, ile ikimezwa inachoma matumbo na kuua figo, na kidogo tu kinatosha kumaliza mtu. Hiyo ni mbio hospitali na ile chupa mkononi wasome lebo.

Sasa kama kumeza si shida, hatari ni nini?

Mvuke. Zebaki inapaa hewani yenyewe bila kuchemshwa, haina harufu, haina rangi, huioni, na mapafu yanachukua sehemu kubwa ya kile unachovuta. Ikishaingia kwenye damu inafika ubongoni na kwenye figo. Mtu aliyevuta nyingi kwa mara moja anaanza kikohozi, kifua kubana, homa, mdomoni ladha ya chuma, anafikiri ni mafua. Aliyevuta kidogo kidogo kwa miezi ndo anapata mikono kutetemeka, usingizi kukata, kusahau, hasira za bure, fizi kuvimba. Watoto mara nyingine viganja na nyayo zinakuwa nyekundu na kubambuka ngozi. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu anapumua haraka kuliko mkubwa na pua yake iko karibu na sakafu kule kule ilikomwagika.

Na joto letu halisaidii. Hewa ya chumba kilichofungwa chenye nyuzi 20 ikishiba mvuke wa zebaki hubeba kama miligramu 13 kwa kila mita ya ujazo, lakini ukifika nyuzi 30, ambayo kwetu wakati wa kaskazi ni kawaida tu, inakuwa kama 30, zaidi ya mara mbili. Kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini Marekani wanashauri kisizidi kwa mfanyakazi wa masaa manane ni miligramu 0.025 kwa mita hiyohiyo ya ujazo. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa hivo nikisema fungua dirisha kwanza usinione nakutania.

Pete yangu ya dhahabu imekuwa nyeupe baada ya kuokota, nipeleke kwa sonara aichome?

Hili linanitisha kuliko mengine yote. Zebaki inashikana na dhahabu na fedha, inaingia ndani ya metali, ndo maana nikasema bangili zivuliwe. Ukiichoma ile weupe inaondoka kweli, pete inarudi kung'aa, lakini imeondoka kwenda wapi? Imekuwa mvuke mzito usoni kwa yule mzee wa watu ameinamia moto kwenye kiduka kisicho na hata feni. Usiichome nyumbani kwenye jiko, na kwa sonara usiende kimyakimya, mwambie wazi hii imegusa zebaki, asipokuwa na mahali penye chimni ya kuvuta moshi aiache. Pete itie kwenye chupa yenye kifuniko mpaka apatikane mwenye vifaa.

Na sufuria za alumini pia usizitumie kukinga wala kuweka zebaki, inaila alumini mpaka inatoboka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, tuna chupa ya zebaki labu, inawekwaje?

Kwanza uliza kama mnaihitaji. Zamani ilikuwa lazima kuonyesha lile jaribio la Torricelli la 1643 la kupima presha ya hewa, mrija umepinduliwa na zebaki imesimama sentimita 76, na wanafunzi wakipewa waichezee kwenye viganja, sisi wenyewe tulifurahia sana. Siku hizi jaribio hilo lionyeshwe kwa video, inatosha.

Kama lazima ikae basi kumbuka ni nzito mara 13 na nusu ya maji, chupa ya nusu lita tu inakaribia kilo 7, kwa hivo usiishike kwa shingo kwa mkono mmoja, ibebe kwa mikono miwili ndani ya trei ya plastiki. Ikae kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya trei, rafu ya chini, mbali na jua na mbali na jiko la gesi, isikae jirani na asidi ya naitriki wala amonia. Weka lebo. Na karibu yake kaa na unga wa salfa, ukiunyunyiza juu ya vitone vilivyoingia kwenye nyufa unashikana na zebaki na mvuke unapungua.

Glavu vaa lakini usizitegemee kwa kila aina. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth kule Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali sana, juu ya glavu ya lateksi, ikapenya, na mwaka uliofuata akafariki. Dimethili haipo kwenye labu za shule na haitakiwi kuwepo, lakini yule alikuwa bingwa wa metali za sumu na alikuwa amevaa glavu.

Nikiitupa baharini si inazama tu?

Inazama ndiyo, kwenye matope, na kule kwenye matope ya mikoko kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili ya zebaki, ambayo inaingia kwa vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na samaki mkubwa, kila anayekula anarundika zaidi ya aliyeliwa, mwisho wa foleni ni wewe na sahani yako. Minamata kule Japani kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zake baharini mpaka 1968, ugonjwa ulitambuliwa 1956, watu walikuwa wavuvi na wala samaki kama sisi, na watoto walizaliwa wameharibika ubongo.

Kwenye sinki, chooni au kwenye taka za kuchomwa pia hapana. Ile chupa iliyofungwa wapigie ofisi ya afya ya umma ya kaunti au NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, waseme ipelekwe wapi, mpaka hapo ikae nje mahali penye kivuli watoto wasipofika.

Kwa hivo mjamzito asile samaki?

Ale, tena ale sana, samaki ni mzuri kwa mtoto tumboni. Apunguze wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi, papa ndo wa kwanza, hata wa ng'onda, maana kumkausha na chumvi hakutoi zebaki, na yale majodari makubwa. Tafi na dagaa ale bila wasiwasi.

Na hizi krimu za kujichubua?

Nyingine zina chumvi ya zebaki na mtu anajipaka uso mzima kila usiku, afu anambeba mtoto shavu kwa shavu. Angalia lebo, ukiona 'mercury', 'calomel' au 'Hg' acha, na ukiona imeandikwa usiguse dhahabu wala fedha nayo basi hiyo ishajitaja. Zisizo na lebo kabisa, zile za kupimiwa kwenye kikopo, mimi singegusa. Ukiwa umeitumia muda mrefu na unatetemeka au unavimba miguu nenda ukapimwe mkojo.

Kuna mtu ananunua zebaki nyekundu ya kwenye cherehani za zamani kwa mamilioni, ni kweli?

Uongo. Mwaka 2009 Saudia watu walinunua mashini za Singer kwa bei za ajabu kwa uvumi huohuo na hakuna aliyekuta kitu ndani. Cherehani ya bibi iache ishone.