Mita inayozunguka saa nane usiku

Kila mvua kubwa ikipiga Nairobi na mtaa wa South C kugeuka ziwa, napigiwa simu za swali lile lile: "Injinia, kwani mgao wa maji bado?" Mwaka 2018 watu waliuliza kwa hasira. Barabara zilikuwa zimefurika, na mifereji ya nyumbani ikitoa hewa tu.

Jibu liko kwenye ramani. Nairobi imekaa bonde la mto Athi, lakini sehemu kubwa ya maji inayokunywa ni ya bonde la Tana. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, linategemea mito ya Aberdare. Mvua ya South C haifiki huko. Inateremka Athi na kuishia Bahari ya Hindi. Tana hiyo hiyo inazungusha mitambo ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha inawasubiri wafugaji na wakulima wa Garissa. Ndiyo maana ripoti ya maji inayoishia kwenye mpaka wa kaunti huwa naifunga mapema.

Kosa lingine la ripoti zetu ni kukimbilia bwawa jipya. Kabla ya bwawa, mimi hutaka kujua mita ya mtaa inasemaje watu wakiwa wamelala, maana maji yanayopita saa hiyo, mengi huwa yanavuja.

Usiku mmoja tulifungua chemba ya mita katika mtaa mmoja wa Eastlands. Mtaa wenye mgao una ujanja wake: maji yakirudi, matangi ya juu ya nyumba hujaa usiku kucha, hivyo ukipima siku hiyo utadanganyika. Tulisubiri usiku wa pili. Saa nane, taa zimezimwa, hata mbwa wametulia, na mshale wa mita bado unazunguka mbio. Mwenzangu akasimamisha nondo juu ya vali, akatega sikio, kisha akanipisha. Nilisikia kama maandazi yanayokaangwa nyumba ya tatu. Asubuhi tuliifuata ile sauti hadi kando ya barabara, kwenye kipande cha sukuma wiki kilichonawiri katikati ya kiangazi bila mtu kukimwagilia.

Kwa miaka mingi mitambo ya maji ya Nairobi ilizalisha takriban mita za ujazo 525,000 kwa siku mambo yakiwa sawa, na karibu nusu haikuleta malipo. Si yote yaliyovuja: mengine hupita kwenye mita mbovu au kwenye bomba la mtu aliyejiunganishia. Lakini ukiokoa robo tu ya hiyo nusu, umepata karibu mita za ujazo 65,000 kwa siku. Bwawa la Karimenu II lilijengwa lilete 70,000. Sisemi mabwawa hayafai. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 3.1 jijini, ile ya 2019 milioni 4.4, na hao hawatanyweshwa kwa kuziba mabomba peke yake.

Halafu kuna mahitaji, hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukipima kiu ya mtaa kwa bili zake, mtaa usio na mfereji utaonekana hauna kiu. Jerikeni ya lita 20 ikiuzwa shilingi 20, mita moja ya ujazo inamgharimu mnunuzi shilingi 1,000, naye hayumo kwenye bili yoyote. Kwa hiyo huwa nakaa karibu na vioski vya maji na kuhesabu mikokoteni.

Juzi kijana mmoja alisimamisha mkokoteni wake akaniuliza kama mimi ni wa kanjo, wale askari wa kaunti. Nikamwambia nahesabu safari tu.

"Basi andika kumi na mbili kwa siku," akasema. "Ya kumi na tatu nampelekea mathe. Hiyo silipwi."

Nikaandika kumi na tatu.